Fomu Niliyoisoma Nusu

Mvua ilipoanza kunyesha mlimani kwetu, harufu ya kwanza kufika ilikuwa ya mwamba. Majabali yaliyokuwa yameota jua tangu asubuhi yalitoa mvuke, na mvuke ule ulinukia kama chungu kipya kinapotiwa maji kwa mara ya kwanza. Nilipenda kusimama mlangoni nikaivuta harufu hiyo kifuani, maana nilijua haidumu. Mvua ikikaza tu, ilikuja ya pili, na hiyo ndiyo iliyowafanya watu wazima wafunge madirisha na kuacha mazungumzo katikati. Ilikuwa harufu ya vyoo vilivyofunguliwa. Hakuna aliyeuliza kwa sauti ni choo cha nani, lakini kila mtu aliuliza moyoni, na kila mtu alikuwa na jibu lake tayari.

Tulikaa Mwanza, kwenye mmoja wa ile milima ya mawe inayolitazama ziwa, mahali ambapo nyumba zimebanwa katikati ya majabali makubwa kuliko nyumba zenyewe. Njia zetu zilikuwa mawe yaliyopangwa kama ngazi, mengine yakicheza ukiyakanyaga. Maji tulichota kwenye kioski kule chini barabarani, tukapanda nayo kichwani, na mtu aliyemwaga ndoo katikati ya mlima alikaa chini akalia hata kama alikuwa mtu mzima. Choo ndicho kilichokuwa kazi zaidi. Ukichimba, hujafika hata kiunoni mtaimbo unagonga mwamba na kurudi. Kwa hiyo watu walijenga vyoo juu ya ardhi, wakapandisha kuta za mawe na saruji, na chini wakaacha tundu wakaliziba kwa jiwe. Vyoo vile vilijaa haraka. Gari la kunyonya majitaka lilikuwa likiishia barabarani, halina pa kupita kuja kwetu. Basi watu walingoja mvua kubwa. Ikija, jiwe linatolewa, maji yanafanya kazi yake, na jiwe linarudishwa kabla mvua haijaisha. Kila mtu alikuwa na jirani wa chini yake, na kila jirani wa chini alikuwa na mtu wa kumshuku juu yake.

Jirani yetu wa chini alikuwa Mama Kulwa, mama Msukuma, mrefu, mwenye sauti ambayo hakuhitaji kuipandisha ili isikike mpaka kwetu. Alikuwa na mapacha wa kike. Kulwa alilelewa na bibi yake Sengerema, ng'ambo ya ziwa, na Doto alibaki na mama yake hapa mlimani. Doto ndiye rafiki yangu. Tulisoma darasa moja, la tano mwaka huo, tukakaa dawati moja, na tukirudi shule tulisimama kwenye beseni la Mama Kulwa pale njiapanda, alipouza mihogo ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili. Hakuwahi kunipa kipande kidogo kuliko cha Doto. Nilikuwa nikivilinganisha, kwa sababu kwetu nilifundishwa kulinganisha kila kitu.

Aliyenifundisha ni baba. Jina lake Sudi, lakini mlima mzima ulimwita Fundi, kwa kuwa alitengeneza majiko, mabeseni, milango ya bati na kila kitu ambacho bati na chuma vinaweza kugeuzwa. Babu yake alikuja Mwanza mjini zamani sana na ukoo wetu haukuwahi kuondoka. Kabla sijaanza shule, baba alikuwa na banda la kazi kule bondeni, karibu na soko, mahali penye wateja. Siku moja wakaja watu na karatasi, wakasema eneo linaboreshwa, kila mwenye banda aweke sahihi ili apewe nafasi nzuri zaidi. Baba aliweka. Kabla mwezi haujaisha banda lilishavunjwa, na ile nafasi nzuri ilikuwa uwanja mtupu nje ya mji ambako hata mbwa hakupita. Akarudi na vifaa vyake vyote, akaanza kugongea bati uani kwetu. Tangu hapo mtu mwenye kalamu alipokewa na baba kama anavyopokewa nyoka. Tena macho yake yalikuwa yameharibiwa na cheche za kulehemu, na herufi ndogo zilimchezea. Kwa hiyo tangu nilipojua kusoma, mimi ndiye niliyemsomea kila karatasi iliyoingia nyumbani, yeye akiwa amesimama nyuma yangu, akiniambia, "Rudia hapo. Polepole. Wanaficha mambo kwenye maneno madogo."

Masika ya mwaka huo walikuja wapimaji. Walipita na utepe na vigingi vyenye kitambaa cha bluu, wakapiga namba kwenye kuta kwa rangi, wakashuka bila kueleza jambo. Jioni hiyohiyo mlima mzima ulishajua sababu, ila kila nyumba ilijua sababu yake. Mmoja alisema kutajengwa hoteli ya watalii na sisi tutahamishiwa porini. Mwingine alisema nyumba yenye namba imeshauzwa. Watu waliona pia kwamba vigingi vilinyooka vizuri mpaka karibu na ua wa mwenyekiti wa mtaa, hapo vikapinda na kuuzunguka, na jambo hilo lilizungumzwa kuliko yote. Baba hakuzungumza sana. Alichukua kitambaa chenye mafuta ya taa akaifuta namba ya kwetu ukutani mpaka pakabaki doa.

Baada ya wiki alikuja dada mmoja, afisa maendeleo ya jamii, akiwa peke yake, na raba zake zimejaa tope. Aliitwa Dada Pendo. Alipiga hodi vizuri, akamwamkia baba shikamoo, akakaa kwenye gogo bila kungoja kupewa kiti.

"Marahaba," baba alijibu, nyundo bado mkononi. "Umetumwa na nani?"

"Natoka kata, Fundi. Tunaleta bomba la majitaka. Litapita katikati ya nyumba, kila choo kiunganishwe, uchafu ushuke mpaka chini kwenye bomba kubwa. Naomba kuuliza mambo machache. Mko wangapi hapa?"

"Tupo."

"Choo chenu kikijaa mnafanyaje?"

"Hakijajaa."

"Tangu mmekijenga?"

"Hakijawahi kujaa," baba alisema, na akagonga bati mara tatu kuonyesha kwamba mazungumzo yamekwisha. Dada Pendo aliandika. Baba akaacha kugonga. "Umeandika nini hapo?"

Yule dada hakukasirika. Alinipa daftari lake mimi. "Msomee baba, mdogo wangu." Nikasoma: Nyumba ya Fundi Sudi, choo hakijawahi kujaa. Baba aliniambia nirudie, nikarudia. Dada Pendo alinitazama usoni wakati nasoma mara ya pili, na mimi nikatazama tope la raba zake, kwa sababu choo chetu kilikuwa kimejaa, hata mtoto mdogo angejua.

Mvua kubwa ilinyesha Jumamosi iliyofuata, asubuhi, wakati mama amekwenda sokoni. Ilipiga bati kwa kishindo hata nikashindwa kusikia sauti yangu mwenyewe. Nilitoka mlangoni kuinua ndoo za kukinga maji, na nikamwona baba nyuma ya choo, amejifunika gunia kichwani, ameingiza mtaimbo chini ya lile jiwe na anaulalia kwa uzito wake wote. Jiwe lilitoka. Sitaeleza kilichofuata. Baba aligeuka akaniona nimesimama na ndoo. Midomo yake ilitamka "Ingia ndani", nami nikaingia. Nilikuwa nimekaa miaka kumi na mmoja katika nyumba ile, nimesikia mara nyingi baba akiwalaani watu wa juu kwa uchafu wao, na sikuwahi kujiuliza cha kwetu kinakwenda wapi.

Mvua ilipokatika, sauti ya Mama Kulwa ilipanda kutoka chini. "Nani amefungua? Nauliza, nani amefungua? Hapa mlangoni kwangu pamekuwa mto!" Hakuna dirisha lililofunguka. Baba alikuwa ameketi kitandani anajikausha miguu. Aliinua kidole akaelekeza juu ya mlima. "Wale wa juu hao," alisema. "Hawana haya." Hakunitazama alipokuwa akisema, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema kwa urahisi kabisa, kama mtu aliyezoea.

Siku tatu baadaye kuliitishwa mkutano wa mtaa juu ya ule mwamba mpana ulio nyuma ya ofisi. Kabla ya kwenda, baba aliniita uani akanipa nakala ya fomu aliyoipata kwa mwenyekiti. Nilimsomea yote. Sehemu ya kwanza ilisema kwamba mwenye nyumba anaridhia kutoa eneo la njia ya bomba ndani ya kiwanja chake. Sehemu ya pili ilisema nyumba na kiwanja vinabaki kuwa mali yake, na bomba likishafukiwa atalitumia eneo hilo kama kawaida, ila asijenge juu yake. Baba alinirudisha kwenye neno moja. "Kutoa," alisema. "Umesikia? Kutoa. Hata lile banda walisema hivihivi, halafu kukawa na maneno matamu mbele. Wakikuambia usome, soma mpaka hapo. Hayo ya mbele ni ya kutulaza usingizi."

"Na wakiniambia niendelee?"

"Waambie imeisha."

Yaliyotokea mkutanoni nayakumbuka vizuri kuliko siku yangu ya harusi. Dada Pendo alianza kuisoma fomu mwenyewe, mtu mmoja akamkatiza, akasema hatutaki kusomewa na aliyeandika. Wengine wakaitikia. "Asome mtoto wa Fundi. Mtoto hana upande." Nikasukumwa mbele. Nilisoma kwa sauti ya darasani, nikafika kwenye "kutoa eneo", nikanyamaza.

"Endelea, mdogo wangu," alisema Dada Pendo.

"Imeisha."

"Haijaisha. Ipo sehemu ya pili."

"Imeisha," nilisema tena, na nikaikunja karatasi.

Kelele zilizuka. Dada Pendo alipaza sauti kusoma ile sehemu ya pili kwenye nakala yake, lakini watu walimzomea, wakasema anasoma yasiyoandikwa, mtoto ameshasema imeisha. Mwenyekiti alijaribu kutuliza, akaulizwa kwa nini bomba linapinda kwake, naye hakujibu akaeleweka. Nyumba zote za mstari wetu, zilizokuwa kwenye njia ya bomba, zilikataa kuweka sahihi. Nilipokuwa nateremka kutoka kwenye mwamba, wazee walinishika kichwa wakanisifu. Baba alitembea karibu nami, na alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu enzi za banda. Dada Pendo alibaki anaokota karatasi zake. Wiki hiyo wachimbaji wa mtaro wa bomba walipelekwa upande wa pili wa mlima, wakaanza kuchimba kule.

Jumatano Doto hakuja shule. Alhamisi pia. Ijumaa gari lenye kipaza sauti lilipita kule chini likitangaza kipindupindu, watu wachemshe maji ya kunywa, wenye kuharisha na kutapika wawahishwe kwenye mahema yaliyopigwa nyuma ya zahanati. Doto alikuwa tayari huko. Alibebwa mgongoni na mama yake mwenyewe kuteremka ngazi zile zote, na waliowaona walisema miguu ya mtoto ilikuwa inaning'inia kama nguo. Ugonjwa haukuwa kwetu peke yetu, ulikuwa mitaa kadhaa, na mpaka leo hakuna awezaye kusema ulianzia wapi. Lakini mlimani kwetu watu hawakuhitaji muda kupata mwenye kosa. Bwana afya alipokuja, alilipiga marufuku lile beseni la mihogo, na hilo likatosha kuwa ushahidi. Ikasemwa kwamba Mama Kulwa anaosha mihogo kwa maji ya mfereji. Ikasemwa amejua siku nyingi kwamba mwanaye anaumwa na akaendelea kutuuzia. Wanawake waliokuwa wakimsuka nywele walianza kupita njia nyingine. Mama yangu alichemsha maji kutwa, akanywesha kila mtu, akaniambia kwa sauti ndogo, "Usiende kwao kwa sasa." Kisha alimtazama baba kwa muda mrefu. Baba alitoka akaenda kugonga bati.

Doto alirudi baada ya siku nane. Sikungoja ruhusa, nilishuka. Nilimkuta amekaa nje juu ya mkeka, macho yamekuwa makubwa, mikono imekuwa ya mtoto wa darasa la kwanza. Mama yake alikuwa ndani. Lile beseni lilikuwa limefunikwa kifudifudi pembeni ya mlango na kuku amepanda juu yake.

"Wanasema ni mihogo ya mama," Doto aliniambia. "Mimi wala sikula mihogo. Siku ile ya mvua ndala yangu ilichukuliwa na maji. Niliifuata mferejini mpaka kule kwenye mti. Niliingia majini, Zuhura. Mpaka hapa." Akanionyesha kiunoni.

Nilisema pole. Nikamuuliza kama ndala aliipata, akasema hakuipata. Halafu alininyamazia, ananitazama, na mimi nikaanza kuung'oa ukindu kwenye mkeka wao. Niliondoka nikisema mama ananiita.

Mkutano wa pili uliitishwa kwa ajili ya ugonjwa. Safari hii watu walikuja wengi mno, wengine wamekaa juu ya majabali kama ndege. Dada Pendo alikuja na fomu zilezile. Hakuhutubia. Alisema tu kwamba kule upande wa pili nyumba ishirini na kitu zinaunganishwa, na kama mstari wetu hautaki basi asubuhi ataandika hivyo na kazi itafungwa. Mzee mmoja akasema, "Asome tena mtoto wa Fundi. Labda tulisikia vibaya." Baba aliniwekea mkono begani. Haukuwa mkono wa kunisukuma mbele. Ulikuwa wa kunizuia, na nilihisi vidole vyake vinakaza. Mama Kulwa alikuwa amesimama mwisho kabisa, peke yake, na watu wameacha nafasi pande zote kama aliyebeba mzigo unaonuka. Niliutoa mkono wa baba begani kwangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya jambo kama hilo.

Nilisoma ya kwanza. Nikafika kwenye "kutoa eneo", nikavuta pumzi, nikaendelea. Nyumba na kiwanja vinabaki kuwa mali ya mwenye nyumba. Atalitumia eneo hilo kama kawaida. Nilisoma mpaka kwenye nukta, hata mahali pa sahihi na tarehe nikapasoma.

"Mbona mara ya kwanza ulisema imeisha?" aliuliza yule mzee.

"Niliambiwa nisimame pale."

"Na nani?"

Sikuweza. Nilitazama karatasi, maneno yakawa yananichezea kama yanavyomchezea baba. Ndipo nikasikia sauti yake nyuma yangu, haikuwa kubwa. "Na mimi. Nilimwambia mimi."

Watu waliguna. Mama Kulwa alisogea mbele, na watu walimpisha haraka kuliko ilivyohitajika. "Baba Zuhura," alisema, "kwa kuwa leo unasema kweli, nikuulize na jambo la pili. Ile Jumamosi ya mvua."

"Ile Jumamosi," baba alisema, "tulifungua wengi."

Hakuna aliyekubali na hakuna aliyekataa. Niliona watu wanatazama miguu yao, na mmoja baada ya mwingine wakainua macho kumtazama baba kwa hasira. Wangemsamehe mapema kama angesema "nilifungua". Lile "tulifungua" hawakulisahau. Kwa miaka walipita uani kwetu bila kusalimia, wakampelekea kazi zao fundi wa mtaa mwingine. Mama Kulwa alikwenda kwenye meza, akawa wa kwanza kuweka sahihi.

Baba hakuweka siku ile. Alisema kukubali kosa si kukubali kuibiwa. Alidai waandike kwa mkono, kwenye nakala yake, bomba litapita wapi hasa, kutoka kona ipi mpaka kona ipi, na mwenyekiti agonge mhuri. Dada Pendo alirudi asubuhi yake na karatasi iliyoandikwa hivyo. Baba alimpa mama aisome, ingawa mama alisoma kwa kuungaunga na mimi nilikuwa nimekaa palepale, kisha akaweka sahihi. Ndipo nikajua adhabu yangu. Hakunipiga wala kunigombeza. Aliacha tu kunipa karatasi. Zilizofuata alizipeleka kwa muuza duka, na baadaye akanunua miwani kwa mmachinga, ile ya kujaribujaribu mpaka upate inayokufaa, akawa anasoma mwenyewe uani, anasogeza karatasi mbele na nyuma, saa nzima kwa ukurasa mmoja. Nilikuwa nikipita na ndoo namwona, natamani aniite.

Kazi ilipofika kwetu, mwamba uliwashinda wachimbaji. Baba aliwatazama wanavyovunja sululu siku mbili, ya tatu akashindwa kuvumilia. Aliwasha moto wa kuni na matairi juu ya jiwe, akauacha uunguze kutwa, kisha akamwagia maji, jiwe likapasuka kwa mlio uliowafanya watoto tupige kelele. Aliwachongea tindo za chuma kigumu, akashika nyundo naye. Lakini kila asubuhi, kabla hawajaanza, alishuka na kamba yake yenye fundo akapima mtaro kuhakikisha haujapanuliwa usiku. Alipima mpaka siku ulipofukiwa. Na kusema kweli, bomba lilipofika kwa mwenyekiti lilipinda, likauzunguka ua wake vilevile kama vigingi vilivyosema, na hakuna aliyetueleza sababu. Baba hakuwa mwenye kukosea kila alichokishuku.

Baada ya choo chetu kuunganishwa, alitengeneza beseni jipya, kubwa, lenye mikono miwili na ukingo uliokunjwa vizuri usikate vidole. Alilishusha mwenyewe kwa Mama Kulwa. Nilikuwa juu kwenye ngazi naona. Mama Kulwa alilishika, akaligeuza, akaligonga kwa kidole kusikia mlio wake, akamrudishia. "Rudi nalo, Fundi," alisema. Baba akapanda nalo. Bwana afya alipomruhusu tena, yule mama hakurudi njiapanda. Aliuzia mtaa mwingine, ambako hawakumjua, na alitoka alfajiri kwa sababu kulikuwa mbali.

Sasa nakaa Buswelu, kwenye kiwanja kilichopimwa, ardhi tambarare yenye udongo ambao unachimbika. Tuna shimo letu la majitaka, na likijaa tunapiga simu, gari linakuja mpaka getini, linanyonya, linaondoka. Sijui linakwenda kumwaga wapi. Nimewahi kumuuliza dereva, akacheka, akasema mama usijali. Wazazi wangu bado wako mlimani. Siku hizi ngazi zina saruji, maji ya bomba yamefika nyumba nyingi, na mvua ikinyesha harufu ya mwamba inakaa mpaka mwisho. Bomba likiziba, maana huziba, majirani wanaanza upya kunong'ona ni nani ametupa matambara.

Doto anaishi Sengerema, ana duka la pembejeo za kilimo. Mwaka jana alivuka kuja kumpeleka mwanaye hospitali, akalala kwangu. Tulikuwa tunachambua mchele mchana, watoto wanacheza, ndipo nikamwambia jambo nililokuwa nimelibeba miaka yote. Nilimwambia kwamba siku ile aliponieleza habari ya ndala, mimi nilikuwa najua tayari. Nilikuwa nimemwona baba.

"Najua," alisema, hakuacha kuchambua. "Nilikuona. Nilikuwa chini pale na mvua, namwona baba yako na mtaimbo, na wewe mlangoni umeshika ndoo."

"Sasa mbona hukumwambia mama yako?"

"Nilimwambia nilicheza mferejini. Nani amefungua, hilo sikumwambia."

"Na mimi mbona uliniambia yale?"

Doto aliweka ungo chini. "Nilitaka useme wewe. Nikakungoja. Ulipoondoka nikasema basi, huyu naye ni wa baba yake. Halafu ukasoma."

Mpaka leo sijajua kama alininyamazia kwa kunipenda au kwa kunipima, na yeye hakusema. Tukaendelea na mchele. Ukuta wangu hapa ni mrefu na una vipande vya chupa juu. Jirani wa kulia namjua kwa rangi ya gari, wa kushoto kwa sauti ya redio yake. Hawajawahi kunishuku kwa lolote, wala mimi kuwashuku, na nikifikiri vizuri naona ni kwa sababu hakuna aliyepata kuniona nimesimama mlangoni, kama Doto alivyoniona. Doto alipokuwa akiondoka kuwahi kivuko, nilimsindikiza mpaka kituoni, na nilibaki nimesimama hata baada ya gari lake kupotea.